Kazi ndogo za Leta: nani anaweza kuziomba, na kwa makaratasi gani

Maneno haya yalisemwa mbele ya mkutano wa wanachama, hapa Yanonge. Tumeyapunguza kidogo kwa ajili ya jarida.



Komite ilituomba tujibu ulizo moja ambalo limerudi kila mkutano. Ulizo lenyewe ni hili: shule inajengwa, kituo cha afya kinatiwa mabati mapya, madawati yanafika na mtumbwi wa mota, na kila mara kazi iko mikononi mwa mtu wa mbali. Kijana wetu, fundi mbao aliyejifunza kazi miaka yote ile ya ukimbizi, anaitwa kubeba mchanga kwa malipo ya siku. Kwa nini? Ni sheria inatukataza?

Hapana, sheria haitukatazi. Lakini inataka mtu awe na sura fulani kwenye karatasi, na sura hiyo inatengenezwa mbele ya tangazo kutoka. Ukiianza siku tangazo limebandikwa, umechelewa. Maneno yote tutakayosema leo yanatoka hapo.

Kwanza tulisafishe jina. Kwa Kifaransa wanasema marché public, na mtu akisikia marché anawaza soko, sombe na samaki wa kukauka. Hapa si hivyo. Ni mapatano ya kuandika ambayo Leta, au jimbo, au sekta, au kampuni ya Leta, inafanya na mtu ili amjengee, amletee vitu, ao amtumikie kwa malipo. Zamani mambo hayo yalifuata sheria ya mwaka 1969. Leo yanafuata sheria nambari 10/010 ya tarehe 27 Aprili 2010, pamoja na amri zilizokuja nyuma yake, moja ikiwa ile ya tarehe 2 Juni 2010 yenye kitabu cha namna ya kufanya. Angalieni kwamba sekta imo pia. Sheria ya 2010 haikuandikwa kwa ajili ya mawaziri wa Kinshasa peke yao. Shefu wa sekta akinunua madawati kwa feza ya watu wote, anafanya marché public, hata kama biro yake haina umeme.

Kuna majina matatu ya kushika, na tunaomba radhi, ni herufi tupu. CGPMP ni kikundi ndani ya ofisi inayonunua. Hao ndio wanaandika tangazo na kupokea bahasha. DGCMP inakagua kama njia iliyofuatwa ni ya sawa. ARMP inalinda sheria yote na inasikiliza malalamiko. Mtu wa Yanonge, kazi yake kubwa ni na ile ya kwanza.

Sheria inasema njia ya kawaida ni kuita watu wote, appel d'offres, wazi kwa yeyote mwenye sifa. Lakini kwa kununua madawati 50 huwezi kufanya kelele sawa na ya kujenga daraja. Ndiyo maana amri inaweka mpaka wa feza, na chini ya mpaka huo ofisi inaweza kutumia njia fupi inayoitwa demande de cotation: inaandikia wauzaji ao mafundi kadhaa, wasiopungua watatu, inapokea bei zao, inalinganisha. Mpaka wenyewe umewekwa kwa amri, si ndani ya sheria, maana yake unaweza kubadilishwa bila Bunge. Kwa hiyo usibebe mfukoni nambari uliyosikia kwa jirani. Uliza ofisi kwa barua: mpaka wa leo ni ngapi, na kazi hii iko chini ao juu?

Njia hiyo fupi ndiyo mlango wetu. Na ndiyo mlango unaochezewa zaidi, tuseme wazi. Sisi tunaofanya kazi kwenye ONG tunaijua ile michezo ya proforma tatu na mkono mmoja. Mtu anapata kazi, kisha anaambiwa lete proforma mbili za kusindikiza. Anakwenda kwa shemeji, anakopa stempu, anaandika bei za juu kidogo. Kwenye dosie kila kitu ni safi: karatasi tatu, stempu tatu, bei tatu. Ila kosa la kuandika ni moja, “chesse” pahali pa “chaise” kwenye zote tatu. Tunacheka, lakini anayelipa mchezo huo ni fundi ambaye hakuandikiwa barua. Na mwanachama wetu akiombwa akopeshe stempu yake kwa proforma ya kusindikiza, akatae. Jina lake linakuwa ndani ya dosie ya uongo, na hapati hata senti.

Kuna mchezo mwingine, wa kukata kazi vipande ili kila kipande kikae chini ya mpaka: leo madawati 50, kesho 50, keshokutwa 50, yote kwa mtu mmoja. Sheria inakataza, inaitwa fractionnement. Lakini musichanganye na kugawa kazi kwa mafungu, lots, jambo ambalo sheria inakubali. Tofauti ni hii: kwenye mafungu, kazi yote inatangazwa mara moja, hesabu yake yote inaonekana, njia inachaguliwa kulingana na jumla, kisha kila mtu anaomba fungu analoweza. Yule wa kwanza anaficha jumla.

Sasa makaratasi. Hapa tutakaa, maana hapa ndipo wengi wanaanguka.

Chama chetu ni ASBL. Tunafuata sheria nambari 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001. Sheria hiyo inasema chama cha namna hii hakifanyi biashara, isipokuwa kidogo tu pembeni, na hakitafutii wanachama wake faida ya mali. Kwa hiyo wale wanaosema “chama kiombe kazi ya madawati, kisha tugawane,” tunawajibu kwa heshima: hapana, wapapa. Chama kikigawa faida kwa wanachama kimeacha kuwa chama. Na ofisi inayonunua, ikisoma statuti zetu, itatuweka pembeni kwa haki.

Lakini wanachama wanaweza kutoka watano na kuunda kitu kingine. Kongo imo ndani ya OHADA tangu tarehe 12 Septemba 2012, na OHADA iko na sheria ya ushirika iliyopitishwa Lomé mwezi wa kumi na mbili 2010. Ndani yake kuna ushirika mwepesi, société coopérative simplifiée. Watu watano wanatosha. Kila mtu ana sauti moja, hata aliyeweka feza nyingi. Unaongozwa na komite ya watu watatu. Wakipita wanachama mia moja wanaweza kuongezwa mpaka watano. Kwa watu kama sisi, wenye mikono na ujuzi lakini bila mtaji, hatuoni sura nzuri zaidi. Mafundi mbao wawili, mwenye mtumbwi, mama anayejua hesabu za soko, kijana anayeandika Kifaransa bila kuogopa: huo tayari ni ushirika.

Ushirika unaandikwa kwenye rejista yake yenyewe, ile ya sociétés coopératives. Mfanyabiashara wa kawaida anaandikwa RCCM. Mukiona tangazo linadai RCCM peke yake, andikeni barua mbele ya siku ya mwisho, muulize kama karatasi ya ushirika inakubaliwa. Muulize kwa barua na mubaki na kopi yenye stempu ya kupokelewa. Jibu la mdomo mlangoni halina faida siku ya kufungua bahasha.

Wengine watapenda kuomba peke yao, kila mtu na duka lake. Ni sawa. Basi watahitaji RCCM, nambari ya identification nationale, na nambari ya kodi toka DGI. Patente ya soko ni ya biashara ndogo, haibebi dosie. Juu ya hayo ofisi nyingi zinadai attestation fiscale, na ile inaisha muda, si ya kutundika ukutani kama picha ya harusi. Ukiwa na wafanyakazi, watauliza CNSS. Yote hayo yanataka safari za Kisangani, kwa hiyo muzipange pamoja: safari moja kwa makaratasi matatu ni bora kuliko safari tatu.

Na chini ya karatasi hizo zote kuna moja ambayo waliorudi wengi hawana: kitambulisho. Kwetu tunatumia carte d'électeur. Waliokuwa mbali wakati CENI iliandikisha watu mwaka 2023, ao waliopoteza kadi njiani, hawawezi kutia sahihi statuti. Tulipohesabu wale waliotaka kuingia ushirika wa kwanza, kikwazo hiki kilitokea mbele ya kodi na mbele ya benki. Mwenye shida hiyo aje kutuona, tuanze naye ombi la duplikata. Asisubiri wenzake wamalize yao.

Tuseme sasa sura iko tayari. Utajuaje kazi inakuja? Kila ofisi inatakiwa kuandika mwanzoni mwa mwaka mpango wa kazi zote inazotaka kutoa. Kazi isiyo ndani ya mpango haitakiwi kutolewa. Mpango huo si siri. Mwezi wa kwanza na wa pili, wawili kati yetu waende kuuomba, kwa sekta na kwa ofisi za Isangi na Kisangani zinazotugusa. Ukijua mwezi wa pili kwamba madawati yatanunuliwa mwezi wa saba, uko na miezi mitano ya kukausha mbao. Aliyejua siku ya tangazo atatumia mbao mbichi, na dawati lake litajikunja darasani. Na kwa kuwa tunataja mbao: muwe na karatasi za mahali zilipokatwa. Fundi anayeomba kazi ya Leta na mbao za kuficha anajiwekea mtego mwenyewe.

Tangazo likitoka, lisomeni wawili, mmoja kwa sauti. Andikeni pembeni kila karatasi inayoombwa, kila saizi, siku na saa ya mwisho. Kazi inapewa yule ambaye bei yake ni ya chini kati ya wale waliotimiza yote. Wengi wanasikia neno “chini” na kusahau neno “waliotimiza.” Bei nzuri bila attestation ni bahasha tupu. Bahasha iliyofika saa imepita hairudishwi ndani kwa sababu mota ilizimika katikati ya mto. Mto tunaujua, ondokeni siku mbili mbele. Kwenye appel d'offres bahasha zinafunguliwa mbele ya watu, na bei zinasomwa. Muende, mukae, muandike bei za wengine. Hata mukishindwa, mutarudi na somo la bei lisilouzwa popote.

Bei yenyewe. Tuchukue mfano, na hesabu hizi ni za kufundishia tu. Dawati moja: mbao 45.000, misumari na gundi 6.000, fundi 15.000, vernisi 4.000. Jumla franka 70.000. Fundi wetu anaandika 75.000, anafurahi: 5.000 mara 50 ni faida ya 250.000.

Ngoja. Mtumbwi wa kuyapeleka, 250.000. Safari tatu za kufuata dosie na malipo, 180.000. Madawati mawili yaliyokataliwa wakati wa kupokea, 140.000. Na feza ya kununulia mbao alikopa, 2.000.000, kwa wale wa banque lambert, kumi kwa mia kila mwezi. Leta ililipa baada ya miezi mitatu, riba 600.000. Hizo ni 1.170.000 ambazo hazikuwa kwenye karatasi yake. Dawati halikugharimu 70.000, liligharimu 93.400. Ameuza kwa 75.000. Faida ya 250.000 imekuwa hasara ya 920.000, na kodi hatujaigusa. Kwa hiyo yule mshindani wa Kisangani anayeandika 105.000, tuliyemwita mwizi, huenda anajua kuhesabu tu.

Jambo la miezi mitatu hatukulitia kwa kutisha. Ofisi nyingi zinalipa kwa kuchelewa, na aliyeshinda kazi anaweza kuanguka palepale aliposhinda. Sheria inaruhusu feza ya kuanzia kazi, lakini ofisi itadai garanti ya benki, na benki hazitoi garanti kwa mtu asiye na kitu cha kuweka.

Na hapa tunafika kwenye pendekezo ambalo watu wengi wa chama wanalipenda, na ambalo sisi hatulipendi. Wanasema: kasha la msaada liko na feza imelala, tuitumie kununua mbao, Leta ikilipa tunarudisha na kitu juu. Tumelifikiri kwa siku nyingi. Msimamo wetu ni kulikataa. Kasha lile ni la msiba, la mama aliyeshikwa na uchungu usiku, la mtoto wa kufukuzwa shuleni. Magonjwa hayangoji Leta ilipe. Na tena wafadhili walioko hapa walitia feza kwa kazi ile, imeandikwa. Likelemba ya mafundi wenyewe, kwa hiari yao, ni jambo lingine: watu kumi wanatia kila wiki, na kila mmoja anajua anachoweza kupoteza. Waanze na kazi ndogo sana, kutengeneza milango ya shule moja, mbele ya kuota madawati mia. Komite ndiyo itaamua, si sisi. Lakini tumeomba sauti yetu iandikwe.

Watu watauliza juu ya opération retour. Ndiyo, ipo, na sote tunajua jina lake. Unapewa kazi, kisha mtu anangojea sehemu irudi kwake, madeso ya watoto, anasema. Tuna jibu la hesabu kwanza: mumeona faida ya dawati ilivyo nyembamba, ukitoa kumi kwa mia utaikamata wapi? Utaikamata kwenye misumari. Mtoto ataanguka chini. Tena jibu la sheria: anayetoa na anayepokea wote wanahesabiwa, na kampuni inaweza kufungiwa nje ya kazi za Leta. Akija mtu kukuomba, usijibu peke yako. Sema ushirika unaamua pamoja, sauti moja kila mtu, na maamuzi yanaandikwa. Tumeona neno “yanaandikwa” likimaliza mazungumzo haraka.

Ukiona umeondolewa bila haki, unaweza kulalamika kwanza kwa ofisi yenyewe, kwa barua, ndani ya siku 5 za kazi baada ya matokeo kutangazwa. Ofisi isipokuridhisha unakwenda ARMP, na huko muda ni mfupi zaidi. Siku 5, na barua itoke Yanonge! Ndiyo maana tunasema mtu mmoja wa ushirika akae Kisangani wiki ya matokeo, na barua iwe nusu imeandikwa tayari. Usilalamike kwa uchungu wa kushindwa. Lalamika kama una kitu cha kuonyesha, bei iliyosomwa 80.000 ikaandikwa 60.000, kwa mfano.

Kuna kazi kubwa pia. Mpango wa maendeleo wa territoires 145, ule wa shule, vituo vya afya na majengo ya utawala, umepitia mikononi mwa mashirika matatu, PNUD, BCECO na CFEF, na mikataba yake ni mikubwa kuliko ushirika wa watu watano. Kule hatuwezi kuingia kwa mlango wa mbele. Tunaweza kumwendea aliyeshinda tukiwa na bei ya kuandika ya matofali, ya mchanga, ya milango, na kuomba kontra ya kuandika, hata ya ukurasa mmoja. Mtu anayeuza matofali elfu tano kwa neno la mdomo hana pa kulalamika.

Kwenu ninyi wafadhili tuna maneno machache, na tunayasema kwa sababu ninyi pia munanunua. Munadai mauzo ya miaka mitatu iliyopita. Mtu aliyekuwa kambini miaka mitatu atayatoa wapi? Dai mfano wa kazi: dawati moja lililotengenezwa, mulipime, mulikalie. Gaweni kazi kwa mafungu madogo yenye kutangazwa wazi. Bandikeni tangazo sokoni Yanonge, siyo kwenye intaneti peke yake, maana mtandao hapa unakuja na kuondoka. Na mulipe kwa siku mulizoandika. Mukichelewa siku 60, mumempa banque lambert feza ambayo muliinuia kwa fundi.

Juma lijalo, siku ya Nne, saa mbili asubuhi, tutakaa chini ya hangari ya chama na wale wanaotaka kuanza ushirika wa mbao. Leteni kadi, ao karatasi yoyote inayoonyesha muliipoteza, na daftari. Mwenye statuti za zamani za ushirika wowote, hata zilizoliwa na mchwa nusu, azilete pia. Zitatusaidia kuandika zetu.